Mifumo Miwili Kwenye Kihamba Kimoja

Kompyuta yenye Windows inaweza kuwekewa Linux bila Windows kufutwa. Fundi hupunguza eneo la Windows kwenye diski, akapata nafasi tupu, na humo akapiga mfumo wa pili. Mlangoni hukaa programu ndogo ya kuwashia, mara nyingi ile iitwayo GRUB, ambayo kila mashine inapoamka humwonyesha mwenyewe majina mawili na kumwachia achague. Asipochagua, baada ya sekunde chache mashine huingia kwenye mfumo uliopangwa kuwa wa kwanza. Tangu hapo ni ya mfumo huo mpaka izimwe au iwashwe upya. Kioo ni kilekile, kibodi ni ileile, lakini ruhusa, majina ya faili, namna ya kufungua na kufunga, vyote vinafuata sheria za mfumo ulioamka. Ule mwingine uko palepale kwenye diski, mzima, ila umelala na hausikii lolote.

Wengi wakiitazama dini katika miteremko ya Kilimanjaro huona kitu cha namna hiyo. Ukristo una zaidi ya karne moja huku: Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwanzoni mwa miaka ya 1890, na Walutheri wa Misheni ya Leipzig wakaanza kazi Machame mwaka 1893. Minara ya makanisa inaonekana kati ya migomba kutoka Machame hadi Rombo. Hata hivyo muumini anayeshiriki Meza ya Bwana Jumapili, siku ya msiba wa baba yake atataka mzee azikwe kihambani, yaani kwenye shamba la migomba la ukoo, na si kwenye makaburi ya mjini. Akimkosea ndugu vibaya, atapeleka jani la mmea wa sale kuomba radhi, na mwenye kupelekewa ataona vigumu kukataa. Desemba ikifika, mabasi ya kutoka Dar es Salaam hujaa, maana Krismasi ya Mchaga huliwa nyumbani, ambako ibada ya asubuhi hufuatiwa na kikao cha ukoo, nyama na kata ya mbege, pombe ya ndizi. Kwa hiyo husemwa kwamba Mchaga ana mifumo miwili, mmoja huwashwa kanisani na mwingine kihambani. Kuna wanaosema hivyo kwa kusifu na kuna wanaosema kwa kushutumu, na wote huacha swali la msingi bila kuligusa: je, mtu mmoja anaweza kuongozwa na mifumo miwili akabaki mtu mmoja, tena mkweli? Nasema anaweza, kwa sharti moja gumu. Sharti hilo linaonekana wazi ukizingatia kinachotokea ndani ya diski pale mifumo miwili inapogusana.

Linux hujua kusoma eneo la Windows. Mtu akiingia Linux anaweza kufungua barua aliyoiandika akiwa Windows, akairekebisha na kuihifadhi. Windows kwa kawaida haisomi eneo la Linux. Ikilikuta, huliona kama nafasi isiyoeleweka, na huweza hata kumwuliza mwenyewe kama anataka lifomatiwe. Eneo lile halina kasoro yoyote; limekosa msomaji tu. Wamisionari wengi wa mwanzo waliitazama dini ya Wachaga kwa macho hayo. Walikuta Ruwa, jina linalobeba jua na Mungu kwa pamoja. Walikuta wafu wakielekezwa kilele cha Kibo kaburini, masale yaliyozunguka mahali pa wazee, sadaka zilizochinjwa mtu alipougua. Wengi wao waliona nafasi ya kufuta na kuanza upya. Upande wa pili usomaji ulikuwa mwepesi zaidi, kwa kuwa habari ya Mungu mmoja aliye juu ya wote haikuwa ngeni kwa watu waliokwisha kumtaja Ruwa. Jina hilo likavuka mpaka bila kubadilishwa herufi, likabaki kuwa jina la Mungu katika maandiko na nyimbo za kanisa za Kichaga. Lilikuwa faili la kwanza ambalo pande zote mbili ziliweza kulifungua, na sidhani kama wenyewe waliotafsiri walitambua ukubwa wa walichokifanya. Mwanamke aliyekuwa akimwomba Ruwa shambani kabla ya ubatizo hakulazimika kuamini kwamba maombi yake ya miaka yote yalikwenda kusikokuwa na mtu.

Aliyejaribu kutengeneza msomaji kwa upande wa wamisionari ni Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyefika Afrika Mashariki mwaka 1902 na kutumika Moshi ya Zamani, akiondoka na kurudi kwa sababu ya vita, hadi 1938. Alikaa na wazee akaandika sheria za Wachaga katika kitabu kikubwa kilichotoka mwaka 1926, kisha mafundisho ya jando na unyago katika juzuu tatu zilizotoka kati ya 1932 na 1938. Hoja yake ya kiteolojia ilikuwa nyepesi kuitamka na nzito kuibeba: ukoo, ujirani na rika ni vifungo ambavyo Mungu aliviumba kabla ya misheni, kwa hiyo kanisa lijengwe juu yake, lisijengwe mahali pake. Wapo waliomlaumu kwa kuupenda Uchaga wa jana kuliko Wachaga wa siku zake, na lawama hiyo ina haki. Alipokuwa akitetea vifungo vya kale, wakulima wa kahawa walikuwa wamekwisha kuunda chama chao cha wazawa mwaka 1925 na walikuwa wakibishana na serikali kuhusu bei na masoko. Hawakuomba mtu awahifadhi kama mbegu ghalani. Lakini kosa hilo halifuti alichothibitisha, kwamba eneo lililodhaniwa kuwa tupu lilikuwa na maandishi, na mtu wa imani nyingine angeweza kujifunza kuyasoma bila kuiacha imani yake.

Kuna jambo la pili ambalo kila aliyepiga mifumo miwili hapa kwetu amekutana nalo, nalo ni saa. Ndani ya kompyuta mna saa ndogo inayotembea hata umeme ukiwa umezimwa. Windows huandika humo saa za mahali ilipo. Linux huichukulia saa hiyo kuwa ya kimataifa, ambayo Tanzania huitangulia kwa saa tatu, hivyo huongeza tatu. Mtu akizima Windows saa nne asubuhi na kuwasha Linux hapohapo, ataambiwa ni saa saba mchana. Akiunganisha intaneti, Linux itajirekebisha na kuandika upya saa ile ndogo kwa hesabu yake; akirudi Windows ataambiwa ni saa moja asubuhi. Kila mfumo ni mwaminifu kwa hesabu yake, na mashine inasema uongo mara mbili kwa siku. Dawa yake ni amri moja fupi inayoueleza mfumo mmoja namna mwenzake anavyohesabu. Waswahili tunalifahamu hili bila kompyuta. Mtu asomaye saba kwenye mshale na kutamka saa moja anaishi ndani ya hesabu mbili tangu utotoni na hachelewi basi, kwa sababu tofauti ya saa sita imo kichwani mwake, inajulikana na haifichwi. Hesabu mbili zinaweza kukaa pamoja pale mtu anapojua tofauti kati yake na kuitaja. Zinapotumika huku kila moja ikijidai kuwa ndiyo peke yake, hapo ndipo mtu anapopotea njia.

Sharti ninalolisema ni hilo: kila mfumo uweze kusomwa na mwenzake. Imani ya mtu ikubali kwamba anachokifanya kihambani kionekane madhabahuni, na anachokiri madhabahuni kisikike kihambani. Ubaya unaanzia kwenye eneo lililofungwa, na pingamizi la kwanza dhidi yangu linatoka hukohuko. Watasema kwamba maisha halisi hayako hivyo, kwamba mwenye mifumo miwili huwasha ule wenye faida siku hiyo. Ushahidi wao ni mzito. Mume anafariki, anazikwa kwa ibada, shemeji anasoma wasifu wa marehemu kwa machozi ya Kikristo, na mwezi haujaisha anamweleza mjane kwamba kihamba ni cha ukoo na mila ndivyo inavyotaka. Mila aliyoitaja haikutoka hewani. Kanuni za sheria za mila zilizotangazwa mwaka 1963 ziliwaweka mabinti daraja la tatu katika urithi na kumwachia mjane matunzo ya watoto wake. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, katika shauri lililotoka Bukoba, alisema mwanamke ana haki ileile ya kuuza ardhi ya ukoo kama mwanamume, na sheria za ardhi za 1999 zikaitambua haki ya mwanamke kumiliki sawa na mwanamume. Kwenye vikao vya ukoo, hata hivyo, mara nyingi bado linasikika neno la zamani.

Sikatai hata kipande kimoja cha ushahidi huo. Ila tukimtazama shemeji yule kwa makini tutaona kwamba tabia yake ndiyo hasa sharti langu linayoikataza. Windows za miaka ya karibuni zina tabia ya kutozima kabisa: mwenyewe anabonyeza kuzima, kioo kinakuwa cheusi, kumbe mfumo umeandika hali yake kwenye diski ili kesho uamke haraka. Linux ikiingia hukuta eneo lile limewekewa alama kwamba bado lina mtu, na hukataa kuandika humo. Ikilazimishwa, faili zinaweza kuharibika. Shemeji hajazima wala hajawasha. Anapotaja mila, Ukristo wake umeshikilia heshima aliyoipata msibani. Anapotaja Ukristo, mila yake imeshikilia shamba. Na mila yenyewe hakuiacha isomwe yote, kwa maana mila iliyompa ukoo kihamba iliutwisha pia deni la kumtunza mjane na watoto, na deni hilo lilikuwa na wazee wa kulidai. Alisoma mstari mmoja akaufunika ule unaofuata. Katika simulizi moja ya Uchagani juu ya vilele viwili vya mlima, Mawenzi alizimikiwa na moto akaenda kuomba kaa kwa Kibo, akamkuta akitwanga ndizi kavu, akapewa moto na ndizi pia. Zikamnogea. Njiani akauzima moto kwa makusudi, akarudi tena na tena kana kwamba umezimika wenyewe, mpaka Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi, na kilele chake kikabaki kimechongoka kama tunavyokiona kutoka Moshi mjini. Kuomba moto kwa jirani hakukuwa kosa, wala kupenda ndizi zake. Alipigwa kwa kudanganya kuhusu hali ya jiko lake.

Pingamizi la pili ni la watu wa uamsho na makanisa ya kiroho, na nawaheshimu, kwa sababu wao hawachezi na imani. Wanakumbusha fundisho la Yesu kwamba hakuna awezaye kutumikia mabwana wawili. Kwao Mungu mwenye wivu anataka diski nzima, na kila jani la sale ni mlango ulioachwa wazi kwa adui. Ningewajibu kwanza kwamba fundisho lile, lilivyo katika Mathayo, linamtaja bwana wa pili kwa jina, naye ni mali. Onyo hilo linamwangukia shemeji mwenye kutafuta shamba kwa uzito zaidi kuliko linavyomwangukia bibi anayeshika jani la kuomba msamaha. Jibu la pili ni kwamba hata wao hawana diski yenye mfumo mmoja. Anayekataa masale bado anamwita baba mdogo kwa jina la baba, bado anarudi Desemba, bado anamzika mama yake kihambani. Angefuta vyote hivyo asingebaki na Ukristo ulio safi zaidi. Angebaki na Ukristo usio na mtu wa kuubeba. Kuna jambo wanaloliona vizuri, nami nalikubali bila kusitasita. Si kila kilichomo kwenye eneo la zamani ni chema. Ukeketaji ulikuwa sehemu ya mafundisho yale, misheni ziliupinga mapema, na sheria ya nchi ya mwaka 1998 iliufanya kuwa kosa kwa msichana aliye chini ya miaka 18. Lakini ilikuwaje ukajulikana kuwa ni dhara? Ulijulikana ulipotolewa gizani na kusomwa kwa macho ya pande zote, macho ya mama wa Kichaga yakiwemo. Kufungua eneo lote lisomwe hakuyalindi mabaya yaliyomo, ilhali kulifunga kwa kulaani kumeyapa mabaya hayo mahali pa kujificha kwa vizazi vizima.

Wapo wanaopendekeza njia ya upole zaidi. Wanasema mfumo wa kale usiwe wa pili, bali ukae ndani ya ule wa kwanza, kama mashine pepe: Windows inaendesha, na ndani ya dirisha lake Linux inaamka ikidhani kompyuta yote ni yake. Mfumo wa nje huitwa mwenyeji, wa ndani mgeni, na mwenyeji ndiye anayemgawia mgeni kumbukumbu na diski. Utamadunisho uliozungumzwa tangu Mtaguso wa Pili wa Vatikano wa 1962 hadi 1965, na kwa nguvu zaidi katika Sinodi ya Afrika ya 1994, mara nyingi umeeleweka hivyo: ngoma iingie kanisani, jina la Kichaga lipokelewe ubatizoni, lakini kanisa ndilo lenye nyumba. Uzuri wake ni kwamba mifumo inaamka pamoja, hakuna kuzima huku na kuwasha kule. Taabu iko kwenye maneno mwenyeji na mgeni. Juu ya mlima huu, nani alimkaribisha nani? Mangi, yaani watawala wa Kichaga, waliwapa wamisionari ardhi ya kujenga, na makanisa ya kwanza yalisimama kwenye ardhi hiyo, yakinywa maji ya mifereji ya mifongo iliyochimbwa na koo zilizokuwepo. Mgeni kugeuka mwenyeji katika nyumba aliyokaribishwa ni jambo la kufikiriwa kabla ya kulitungia liturujia.

Naona pingamizi la kina zaidi ni lile ambalo wanafalsafa wangelileta. Nikisema mtu anachagua, ninadhani kuna mchaguzi aliyesimama nje ya mifumo yote miwili, na huyo hayupo. GRUB yenyewe haikushuka kutoka mbinguni, iliwekwa na Linux. Windows nayo ikipigwa upya hukalia mlango, na GRUB haionekani tena. Toleo la GRUB la mwaka 2021 liliacha hata kuitafuta mifumo mingine kwenye diski mpaka mwenyewe aagize, kwa sababu za usalama. Mwenye kushika mlango ndiye anayeamua majina gani yaonekane. Vivyo hivyo dhamiri inayopima kanisa na mila ililelewa na mmojawapo, au na wote kwa mchanganyiko usiopimika: mtoto aliyefundishwa katekisimu na bibi yuleyule aliyemfundisha kutokata masale ya mpakani atapimia nini? Nakubali kwamba hakuna mizani isiyo na upande. Nakataa kwamba basi hukumu zote ni sawa. Mlango unaowekwa na mfumo mmoja unaweza kuandikwa uonyeshe jina la mwenzake, au uandikwe umfiche, na tofauti hiyo inaonekana na kila mtu bila kusimama nje ya mlima. John Mbiti alipochapisha kitabu chake juu ya dini na falsafa za Kiafrika mwaka 1969, aliandika akiwa kasisi wa Kianglikana na hakujifanya vinginevyo. Alikuwa ndani ya mfumo mmoja na akaliweka jina la mwingine mlangoni. Unaweza kumlaumu kwa kusoma mambo ya kale kwa macho ya Kikristo, na amelaumiwa. Ameweza kulaumiwa kwa kuwa aliyoyasoma aliyaacha wazi, wengine wakaenda kuyasoma tena.

Umoja wa mtu, basi, siutafuti kwenye idadi ya mifumo. Nautafuta kwenye zile faili ambazo haziruhusiwi kuwa na nakala mbili zinazopingana: jina la Mungu, haki ya mjane, ukweli wa aliyekufa alikufaje. Mengine yanaweza kubaki upande mmoja bila hasara. Namna ya kushika kata ya mbege haina haja ya kuthibitishwa na sinodi, na mpangilio wa vitenzi vya liturujia haumhusu mzee wa ukoo.

Liko faili moja la namna hiyo ambalo mlima unalisubiri tangu tarehe 2 Machi 1900, siku Wajerumani walipomnyonga Mangi Meli na viongozi wengine Moshi ya Zamani. Inaaminika kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani. Mwaka 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin vilipata ndugu walio hai wa mafuvu machache yaliyochukuliwa kaskazini mwa Tanzania, moja likihusishwa na Akida, mshauri wa Meli. Fuvu la Meli halikuwa kati yao. Wengi wanaolidai leo ni Wakristo. Kwa katekisimu peke yake dai lao lingekuwa dogo, maana ufufuo hauhitaji fuvu lirudi Kilimanjaro. Kwa mila ya kale, mifupa ya mzee ilikuwa na mahali pake kati ya migomba na masale, na ukoo usioifikisha hapo ulikuwa na deni. Siku sanduku litakapopandishwa kutoka mjini kwenda Moshi ya Zamani, mchungaji atakuwepo na joho lake, na mzee wa ukoo atakuwepo na jani lake, mbele ya kaburi moja. Hapatakuwa na muda wa kuzima mmoja na kuwasha mwingine, na yeyote atakayeanza kusema, mwenzake atakuwa akisikiliza.